Jinsi ya Kujua Nani Hasa Anamiliki Kampuni Kabla Hujanunua Hisa Zake

Chama chetu kilipoingia sokoni mara ya kwanza, tulinunua hisa za kampuni ambayo hesabu zake zilipendeza: faida inapanda, deni dogo, gawio halikosi. Mwenzetu mmoja akafiwa, akahitaji fedha zake, tukamwambia dalali auze. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu. Wanunuzi walikuwa wachache, na waliojitokeza walitaka kutupa bei ya kutupa. Karibu hisa zote za kampuni ile zilikuwa mikononi mwa kampuni mama na taasisi mbili tatu ambazo haziuzi wala haziongezi. Yote hayo yalikuwa yameandikwa kwenye kurasa za mwisho za ripoti ya mwaka. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuisoma, na sikufika huko.

Tangu siku hiyo sinunui hisa kabla ya kukaa na orodha ya wanahisa, kalamu mkononi. Nitatumia Safaricom kama mfano, kwa kuwa wengi wetu tunazo hisa zake.

Hatua ya 1: Tafuta ripoti ya mwaka yenyewe

Usianzie kwenye tovuti za takwimu za hisa zinazokupa namba mbili tu, asilimia ya taasisi na asilimia ya watu wa ndani, yaani viongozi wa kampuni. Kwa masoko yetu namba hizo mara nyingi zinapotosha. Chukua Twiga Cement ya Tanzania: 69.25% ya hisa zake ziko kwa Scancem International, kampuni iliyo chini ya Heidelberg Materials ya Ujerumani. Je, huyo ni taasisi au mtu wa ndani? Tovuti moja inaweza kumweka huku, nyingine kule, na wewe ukadhani mifuko ya uwekezaji imeikimbilia kampuni, au wakurugenzi wameweka mali zao humo. Mwenye hisa hizo ni kampuni mama, na kampuni mama ina sababu zake.

Kwa hiyo pakua ripoti kutoka tovuti ya kampuni, kisha tafuta sehemu tatu: wanahisa kumi wakubwa, mgawanyo wa hisa kwa ukubwa wa umiliki, na hisa za wakurugenzi. Andika tarehe ya orodha juu kabisa ya karatasi yako. Mwaka wa fedha wa Safaricom hufungwa Machi 31, na orodha ya tarehe hiyo inaweza kukufikia ikiwa imeshapitwa na mambo.

Hatua ya 2: Gawa hisa kwa mafungu, kisha uliza zipi zinaweza kuuzwa

Safaricom ina hisa 40,065,428,000. Kwa miaka mingi mgao wake umekuwa hivi: Serikali ya Kenya 35%, Vodafone Kenya karibu 40%, na umma 25%. Fungu hilo la umma ndizo zile hisa bilioni 10 ambazo Serikali iliuza mwaka 2008 kwa KSh 5 kila moja.

Bei unayoiona kila jioni inatokana na watu wanaouziana ndani ya hiyo robo. Robo tatu nyingine zimekaa. Kwa Safaricom robo moja bado ni hisa bilioni 10, kwa hiyo kuuza si shida. Lakini fanya hesabu hiyohiyo kwa kampuni yenye hisa milioni 50 tu, ambapo 75% ziko kwa mmiliki mmoja, kisha uondoe na za taasisi zisizosogea. Hapo utaelewa kwa nini dalali wetu alikuwa hapokei simu yangu kwa furaha.

Sasa panda ngazi. Vodafone Kenya si mwisho wa safari. Mwaka 2017 Vodacom ya Afrika Kusini ilichukua 87.5% ya kampuni hiyo, yaani karibu 35% ya Safaricom. Nayo Vodacom iko kwenye soko la Johannesburg, na mwenye hisa nyingi ndani yake ni Vodafone ya Uingereza. Kisha Desemba 2025 ukatangazwa mpango wa Vodacom kununua 15% nyingine kutoka kwa Serikali ya Kenya kwa KSh 34 kwa hisa, pamoja na zile 5% zilizobaki kwa Vodafone, ili ifike 55%. Ndiyo maana nasisitiza tarehe. Mwenye 35% lazima azungumze na wenzake. Mwenye 55% anaamua.

Hatua ya 3: Soma majina ya nomini bila haraka

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Baada ya majina mawili ya juu utakutana na mistari kama Standard Chartered Kenya Nominees au Stanbic Nominees, kila mmoja na namba yake ya akaunti. Benki hizo si wamiliki. Zinashika hisa kwa niaba ya wateja wao, ambao wanaweza kuwa mfuko wa pensheni wa Nairobi au mfuko wa uwekezaji kutoka London. Mistari miwili yenye jina la benki moja huenda ni ya wenyewe wawili tofauti kabisa, kwa hiyo usiijumlishe ukadhani umempata mwanahisa mkubwa.

Jina la mwenyewe halipo, lakini tabia yake inaonekana. Toa ripoti za miaka mitatu, uzipange kando kwa kando, ufuate namba ya akaunti. Akaunti inayoongeza kidogo kidogo kila mwaka huenda ni pensheni: wanachama wanachangia kila mwezi, na fedha lazima ziende mahali. Akaunti iliyoingia kwa kishindo kisha ikatoweka huenda ni fedha za nje. Ripoti nyingi pia hutenganisha wawekezaji wa ndani na wa kigeni, na mstari huo una thamani kubwa: wageni wakiuza kwa pamoja kwa sababu za kwao, kama riba kupanda Marekani, bei hushuka hata kampuni ikiwa salama.

Hatua ya 4: Angalia fedha za wakubwa ziko wapi

Watu wa ndani ni wakurugenzi na mameneja wakuu. Katika Equity Group, kundi la benki la Kenya, James Mwangi amekuwa miongoni mwa wanahisa kumi wakubwa kwa umiliki wa zaidi ya 3%. Bei ikianguka, naye anaumia pamoja nami, na hilo mimi nalipenda. Ila umiliki mkubwa wa mtu mmoja una upande wa pili. Mfanyabiashara Chris Kirubi alikuwa na takribani 30% ya Centum, kampuni ya uwekezaji ya Kenya, alipofariki Juni 2021. Fungu la namna hiyo likiingia kwenye mirathi, wanahisa wadogo wana haki ya kuuliza warithi watalishika au watalileta sokoni.

Tofautisha hisa alizonunua mkurugenzi kwa fedha yake na zile alizopewa kama sehemu ya malipo. Za kupewa hazikuambii kama anaiamini bei ya leo. Kuuza nako kusikutie hofu mara moja, mtu ana karo na nyumba ya kujenga. Ninachokitilia maanani ni wakurugenzi watatu kupunguza katika mwaka mmoja.

Jihadhari na mtego mmoja wa hesabu. Mkurugenzi mwenye hisa milioni 10 katika milioni 100 ana 10%. Kampuni ikitoa hisa mpya milioni 25, atabaki na 8% ingawa hajauza hata moja. Linganisha idadi ya hisa kwanza, asilimia baadaye.

Hatua ya 5: Kama una hisa za Marekani

Ndugu zetu walio huko wana bahati ya taarifa za haraka. Kwenye hifadhi ya EDGAR ya mamlaka ya masoko, fuata Fomu 4: mkurugenzi, ofisa mkuu au mwenye zaidi ya 10% anatakiwa kutangaza ununuzi au uuzaji wake ndani ya siku mbili za kazi. Herufi P ni kununua, S ni kuuza, na A ni kupewa. Fomu 13F za taasisi zinazosimamia zaidi ya dola milioni 100 huruhusiwa kuchelewa hadi siku 45 baada ya robo mwaka kwisha, kwa hiyo ukisoma kwamba mfuko mkubwa unashika hisa fulani, huenda umeshaziuza.

Hatua ya 6: Mpigie dalali

Kabla ya kuweka oda, muulize ni hisa ngapi za kampuni hiyo huuzwa kwa siku ya kawaida. Gawa idadi unayotaka kununua kwa jibu lake. Sisi siku hizi, ikitoka zaidi ya siku tano, tunapunguza oda hadi ishuke, na namba hiyo tunaiandika kwenye daftari la chama kando ya bei.