Hanoi: fuata vigoda vya plastiki
Ukifika Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, achana na mikahawa yenye menyu ya picha na kijana wa kukuvuta mkono mlangoni. Ingia mitaa ya zamani kaskazini mwa ziwa Hoan Kiem, tafuta vigoda vya plastiki kando ya njia, wenyeji wamejikunja wanakula, na mpishi anauza chakula kimoja tu. Phở iwahi asubuhi: tambi za mchele kwenye supu ya mifupa ya ng'ombe inayofuka mvuke, ndimu na pilipili unajiwekea mwenyewe. Mchana fuata harufu ya mkaa, ndipo penye bún chả, nyama ya kuchoma inayoliwa na tambi za mchele. Ila nyama hiyo ni ya nguruwe; kama huli, shika maneno mawili: bò ni ng'ombe, gà ni kuku. Na bei uliza kabla hujakaa.