Somo: Kubadilisha spidi ya laini (E1, STM-1) iwe spidi ya diski za zamani (IDE, SCSI, SATA)

Naandika hii mara moja, nikiulizwa tena natuma linki tu. Kila wiki kuna mtu pale Industrial Area ama Westlands anahamisha data kutoka seva ya zamani, anauliza laini yao ya E1 (laini ya data ya kampuni ya simu) itamaliza diski kwa muda gani, na kila anayemjibu anampa namba yake. Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita, shida ni vipimo.

Hatua 1. Angalia herufi. b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti, baiti moja ni biti nane.

Hatua 2. Rudisha kila kitu kwa baiti kwa sekunde, namba nzima, bila kilo wala mega. E1 ni biti 2,048,000, gawanya kwa 8 upate baiti 256,000. STM-1, ile laini kubwa inayobeba E1 nyingi pamoja, ni biti 155,520,000, hizo ni baiti 19,440,000.

Hatua 3. Hapa tulia, ndio pahali watu wengi wanaangukia. Ukiona 2048 akili inakimbilia 1024 mara mbili, alafu unaamua E1 ni mega mbili kamili za kompyuta. Sivyo kabisa! Hiyo namba imetoka kwa simu: chaneli 32, kila moja biti 64,000 kwa sekunde, na watu wa simu wakisema kilo wanamaanisha 1000 basi. Windows nayo ikionyesha KB inahesabu 1024. Kwa hivo baiti 256,000 za laini zinatokea kwa skrini kama 250, hakuna mtu amekuibia hizo sita. Ni kitu ile ile inafanya diski ya GB 500 ionekane 465. Tafadhali usichanganye 1000 na 1024 ndani ya hesabu moja, na usibadilishe katikati, fanya yote kwa 1000 alafu mwisho kabisa ndio ugawanye kwa 1024 kama unataka ifanane na skrini. Kwa kilo tofauti ni asilimia 2.4, kwa giga inafika 7.4, na ukipanga kuhamisha usiku mmoja hiyo asilimia inaweza kukukuta asubuhi watu washaingia kazini.

Hatua 4. Toa mzigo wa laini. Chaneli ya 0 kwa E1 ni ya kupanga fremu (kuonyesha kila mzunguko wa chaneli 32 unaanzia wapi), data yako haipiti hapo, unabaki na biti 1,984,000, yaani baiti 248,000. Kama imewekwa kwa mtindo wa simu, ya 16 nayo ni ya kupiga na kukata simu, unabaki na baiti 240,000. Hedi za IP na TCP (anwani na maelezo yanayosafiri pamoja na data) zitakula kidogo tena.

Hatua 5. Upande wa diski. IDE na SCSI za kebo pana zimeandikwa kwa baiti tayari, USIGAWANYE kwa 8: ATA/33 (aina ya IDE) ni MB 33.3 kwa sekunde, Ultra160 (aina ya SCSI) ni MB 160. SATA ya kwanza imeandikwa gigabiti 1.5 lakini kila biti 8 zinasafiri kama 10, kwa hivo gawanya kwa 10 upate MB 150. Ukipata 187.5 umegawanya kwa 8.

Hatua 6. Kati ya spidi ya laini na ya diski, ile ndogo ndio inaamua muda. Diski ya SCSI ya GB 36 kupitia E1: 36,000,000,000 gawanya kwa 248,000, ni kama saa 40, na hiyo ni kabla ya hedi.

MASWALI

kaka_wa_donholm: So E1 ni MB ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 2.

Shiko_IT: Lakini mtu wa mauzo alituambia tunapata 2MB kwa sekunde, mbona download inakaa KB 240?

Mwandishi: Alimaanisha megabiti, ama hakujua. Dada, hiyo 240 ni laini nzima kabisa. Mwambie aandike kwa mkataba biti ama baiti, neno lote, si herufi.

fundi254: Mimi hugawanya kila kitu kwa 10 na inaniingia poa, hizi zingine ni story mingi.

Mwandishi: Inaingia kwa SATA, na kwa ile poti ya zamani ya modemu yenye biti ya kuanza na ya kumaliza: 115,200 inatoa baiti 11,520. Kwa E1 utapata 204,800, na laini inabeba zaidi ya hiyo. Kama ni makadirio yako sawa, lakini usimpe mteja.

Otis_mwanafunzi: Mwalimu, hizo 64,000 zilitoka wapi? Na mbona vitabu vya Marekani vinasema megabiti 1.544?

Mwandishi: Swali zuri sana hili. Sauti ya simu inabanwa isizidi hezi 4000, na ili uirudishe vile ilikuwa unaipima angalau mara mbili ya hapo, ndio wakachagua mara 8000 kwa sekunde. Kila kipimo ni biti 8, kwa hivo 64,000. Marekani wanaunganisha chaneli 24, hizo ni biti 192, wanaongeza moja ya fremu, 193 mara 8000 ni 1,544,000. Huku kwetu tunatumia E1, kwa hivo usikopi hesabu ya kitabu chao. Sasa jaribu hii: STM-1 inabeba E1 63, je, zote zikijaa, diski ya IDE ya PIO 4 (mtindo wa zamani wa IDE) yenye MB 16.7 kwa sekunde itazimudu?

Otis_mwanafunzi: 63 mara 256,000 ni 16,128,000. Inazimudu, lakini imebana!

Mwandishi: Safi kabisa. Hapo ni spidi ya kebo lakini, sahani zenyewe ndani ya diski huwa polepole kuliko kebo.

mama_diski: Kwa hiyo stori ya kebo, nina diski ya ATA/100 na inakwama kwa 33. Jampa (kile kipini cha kuchagua mpangilio wa diski) niko na uhakika iko sawa.

Mwandishi: Hesabu nyaya za hiyo riboni (kebo bapa ya diski) mama. Zikiwa 40 itabaki hapo kwa 33, kuanzia ATA/66 unahitaji ile ya nyaya 80, na upande wa buluu uende kwa ubao wa kompyuta (motherboard).

fundi254: Hizo za nyaya 80 ninazo kadhaa hapa Luthuli, Nairobi. Mama pitia uchukue moja.