Kalenda kwanza, malkia baadaye: kupangilia uzazi na kazi za wanawake katika dunia ya mchezo

Vitabu vingi vya michezo ya kuigiza wahusika, ambapo kila mchezaji huwa mtu fulani katika dunia ya kubuni, vinavyofika Nairobi viliandikwa na watu wa theluji. Kwetu mwaka unaongozwa na mvua: masika Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na mchana haurefuki wala haufupiki wa kutajika. Ukinakili kalenda yao ukapanda mtama wako humo, wanakijiji watavuna kiangazi na kuoana njaani.

Hatua ya 1: Chora mwaka. Chukua daftari la hesabu lenye miraba, mstari mmoja kwa kila mwezi. Mfano wetu ni mwaka wa siku 336, yaani miezi 12 ya siku 28, na mwezi wa angani unaandama kila baada ya siku 28. Mwezi wetu wa kweli huchukua siku 29.53, kumi na mbili ni siku 354, ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Ukiufuata huo, usifunge sherehe ya mavuno kwenye mwezi mwandamo, la sivyo siku moja watacheza ngoma ghala likiwa tupu.

Weka kupanda mwezi wa 3, palizi wa 4 na wa 5, mavuno wa 7. Ukitamani mwezi wa pili angani, upe siku 32: yote miwili itakuwa mipevu pamoja kila siku 224, mara tatu katika miaka miwili. Usichague 28 na 29. Hiyo hukutana baada ya siku 812, na hakuna mchezaji atakayekumbuka.

Hatua ya 2: Pima umri kwa siku. Hapa wengi hujikwaa. Bibi harusi wa miaka 20 katika dunia yenye mwaka wa siku 300 ana karibu miaka 16 na nusu kwa hesabu yetu. Umemwoza mtoto bila kujua. Miaka 18 yetu ni siku 6,575. Gawanya kwa 336 upate 19 na nusu, kisha andika 20 kuwa umri wa chini wa ndoa kwenye sheria za dunia yako, na mtu asiubadilishe.

Hatua ya 3: Hesabu mimba. Ni siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, au 266 tangu mimba kutunga. Ukichanganya hizo mbili, mtoto atakosea tarehe kwa wiki mbili. Katika kalenda hii 280 ni miezi kumi kamili, kwa hiyo mkunga hahitaji karatasi: ana kamba ya mafundo kumi, na kila mwezi unaporudi umbo lile lile anafungua moja.

Sasa jaribu. Mavuno yameisha, harusi ni mwezi wa 8, mimba inatunga tarehe 14. Ongeza miezi 9 na siku 14: mtoto anazaliwa tarehe 28 ya mwezi wa 5. Palizi inamalizika, akiba imekaribia kwisha, na wenye mikono ya kulima wamelala uzazini. Nani anapalilia? Nani anashika ufunguo wa ghala? Kazi za wanawake zitoke kwenye maswali hayo, si kwenye picha ya jalada.

Hatua ya 4: Gawa kazi kwa umri. Mama anayenyonyesha hupata mtoto kila siku 1,000 hadi 1,100 hivi. Miaka hiyo mpe kazi isiyovunjika ikikatizwa: ufinyanzi, pombe, gulio la karibu. Akivuka miaka 49 ya kalenda hii (45 yetu) yuko huru: kungwi, mpatanishi, kiongozi wa msafara. Mekatilili wa Menza hakuwa kigori alipowaamsha Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, na ngoma ya kifudu ndiyo iliyomkusanyia watu. Asiyezaa naye asiachwe pembeni: kwa Wakamba na Wanandi mwanamke aliweza kulipa mahari akaoa mke, na watoto wakawa wa nyumba yake. Kwa njama za urithi, hiyo ni dhahabu.

Hatua ya 5: Dadu. Kwa familia za pembeni tu, zisizo na mhusika wa mchezaji, rusha ya pande 20 kwa kila uzazi: 1 hadi 10, mtoto hafiki utu uzima. Mhusika wa mchezaji hapewi mimba kwa dadu. Mwenyewe aamue, na mkubaliane kabla ya kikao cha kwanza.

Hatua ya 6: Pima uchawi wa tiba. Kila mama akizaa sita na watatu wakakua, watu huongezeka mara 1.5 kwa kizazi. Mganga akiokoa watano, ni mara 2.5: kijiji cha watu 400 kinakuwa 1,000, kisha 2,500, kisha 6,250. Basi ama upunguze uzazi, wanawake wapate miaka mitupu ya kuijaza, ama uchore vita vya mashamba. Ukisahau kuchagua, wachezaji watauliza hao 6,250 wanakula nini.