Namna ya kufwata neno mupaka kule ilitokea: tuanze na feza

Ukiwa Goma unatamka "feza" siku muzima, kwa kambiste, kwa motari, kwa mama mwenye anauzisha sombe, na hakuna mwenye anajiuliza ilitoka wapi. Njo neno nzuri ya kujifunzia juu njia yake ni ndefu lakini haiko nguvu.

Kwanza sikiliza namna batu ba mbali banaitamka. Sisi tunasema feza, Zanzibar na Dar es Salaam banasema fedha. Sasa linganisha na zingine: dhahabu yabo kwetu ni zahabu, dhambi yabo ni zambi, basi unaona ile dh yabo inageuka z kila mara. Ikigeuka kila mara njo sheria, ikigeuka mara moja tu, shuku.

Alafu shika ile dh uende nayo. Kiswahili iliokota maneno mingi ya namna ile kwa Baarabu, fungua kamusi yabo utakuta fidda, na maana yake haiko makuta (pesa ya kulipa) hata, ni ile madini nyeupe ya pete na mikufu. Ndiyo maana mpaka leo Tanzania mutu akitoka wa pili anapewa medali ya fedha. Na sisi benye tulisoma Kifaransa tuko na bahati, juu argent nayo ni madini ile ile na ni makuta pia. Hapa batu bengi banateleza, banasema moja ilizaa ingine. Hapana! Argent inatoka ku Kilatini argentum, hazina undugu, wazo tu njo ilifanana.

Hatua yenye mi napenda zaidi: tafuta kitu yenyewe, usitafute neno peke yake. Karne ya 19, wakati misafara ya ba Tippu Tip, mufanyabiashara wa Zanzibar, ilikuwa inafika mupaka Kasongo, kule Maniema, na kuleta Kiswahili huku kwetu, kule Zanzibar batu balikuwa balipana na kipande kubwa ya madini ile, yenye sura ya Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780, hata kama yeye alikufa mwaka ule ule na baliendelea kuichapa miaka na miaka. Jina yake taler. Sasa ngoja, taler ni kifupi ya Joachimsthaler, feza yenye ilichapwa karne ya 16 na madini ya bonde ya Joachimsthal, leo banaita Jáchymov, kwa Jamhuri ya Cheki. Baholanzi bakaifanya daalder, Baingereza bakaifanya dollar. Kumbe ile dola unabadilisha pa Birere, hapa Goma, na ile feza unaitaja, mukononi mwa mufanyabiashara wa Zanzibar zilikuwa kitu moja!

Makuta je? Angalia kichwa ya neno: moja ni likuta, mingi ni makuta, ile li- na ma- utaisikia ku Kilingala. Mwaka 1967 feza ya Kongo yenye jina zaire ilitoka, zaire moja ikawa makuta 100, na wazee bengi banakwambia neno ilizaliwa pale. Usisimame pale, juu Bareno ba Angola balikuwa na feza ya macuta tangu karne ya 18.

Franka nakuachia wewe. Anza na mwaka 1360 na mufalme Jean II, mwenye Bafaransa balikuwa banatafuta namna ya kumukomboa kwa Baingereza, na uangalie maandishi ya Kilatini yenye balichapa ku ile feza.