Jinsi ya kupima mgawanyo wa wanafunzi wenye mahitaji maalumu katika shule za kawaida

Hesabu nyingi huharibikia kwenye rejesta. Shule moja humwandika mtoto kuwa ana mahitaji maalumu kwa sababu mwalimu kaona anachelewa kusoma. Nyingine husubiri cheti cha daktari. Ukizilinganisha, umepima mazoea ya walimu, hujapima watoto. Kwa hiyo zipe shule zote fomu moja: mtoto anapata shida kiasi gani kuona, kusikia, kutembea, kujieleza, kukumbuka, kuelewana na wenzake? Majibu yawe manne: hana shida, kidogo, nyingi, hawezi kabisa. Hesabu kila aliyepata mojawapo ya majibu mawili ya mwisho, hata kwa swali moja tu. Shule zote zijaze siku ileile, la sivyo aliyehama atahesabiwa mara mbili.

Kisha tafuta asilimia. Tuseme shule ya kwanza ina wanafunzi 400, wenye mahitaji maalumu 8. Ya pili 600, wao 12. Ya tatu 500, wao 55. Wastani wa eneo ni 5%, lakini mbili zina 2% na ya tatu ina 11%. Wastani peke yake ungeficha hilo.

Ili upate kipimo kimoja cha eneo zima, chukua fungu la kila shule katika wote wenye mahitaji maalumu, toa fungu lake katika wanafunzi wengine, kisha jumlisha tofauti zinazozidi sifuri. Hapa ni ya tatu tu: 55 kati ya 75 ni 73%; 445 kati ya 1,425 ni 31%. Jibu ni 42%, yaani wanafunzi wapatao 32 kati ya 75 wangelazimika kuhama ili mgawanyo ulingane. Shule ikiwa ndogo sana, unganisha takwimu za miaka mitatu, maana katika shule ya watoto 40 mtoto mmoja tu ni 2.5%.

Sasa uliza sababu. Pengine shule ya tatu ina njia za mteremko na mwalimu wa elimu maalumu. Pengine zile mbili huwarudisha wazazi mlangoni: “Hapa hatuna mtaalamu, jaribu shule ile.” Linganisha walioomba nafasi na walioandikishwa, halafu kagua barua za uhamisho. Wakiondoka wengi mwaka mmoja kabla ya mtihani wa mwisho, chunguza kama shule inalinda matokeo yake kwa kuwaumiza watoto.

Usikimbilie kuwahamisha. Kumtawanya kiziwi mmoja kila shule ni kumnyima wa kuzungumza naye. Lugha ya alama hukua kwa wenzake. Ndiyo maana kipimo kirudiwe kwa kila aina ya uhitaji. Wenye shida ya kusoma au kutulia, kwa upande wao, hawana sababu ya kurundikwa pamoja. Kwa hao hamisha msaada: mwalimu wa kuzunguka mwenye siku maalumu kila shule, na fedha zinazomfuata mtoto popote alipoandikishwa, zifike kabla muhula haujaanza.