Jaribu matuta na mbolea ya kizibo kabla hujagusa shamba zima la mtama

Mwaka wa kwanza nilipotia mbolea kwenye mtama, kipande changu cha majaribio kilistawi hadi majirani wakaja kutazama. Nilikuwa nimeshaanza kusaka hela ya mifuko, ndipo mzee mmoja wa hapa akacheka: "We kijana, hujui pale palikuwa zizi la ng'ombe?" Kumbe nilikuwa napima samadi ya zamani. Siku hizi nafanya hivi.

1. Eneo. Mwezi Novemba, kabla mvua za Dodoma hazijaanza, pita shambani na mtu anayelijua tangu zamani. Kwepa zizi lililohama, kichuguu, kivuli cha mbuyu na njia ya maji.

2. Vipande. Pima vipande 12 vya mita 10 kwa 10, makundi matatu ya vipande vinne. Havifiki theluthi ya ekari. Kila kundi liwe na namna zote nne: kuberega (kupanda bila kulima shamba kwanza) bila mbolea, kuberega na mbolea, matuta bila mbolea, matuta na mbolea. Kipi kiende wapi? Kunja vikaratasi, mtoto aokote. Ukichagua mwenyewe, mkono utapeleka mbolea penye udongo mzuri.

3. Matuta. Yaachane sentimita 80. Kila baada ya mita moja na nusu, ziba mfereji kwa udongo. Mvua yetu hunyesha kwa pupa ikakimbilia korongoni. Vizuizi hivyo huifanya itulie na kuzama.

4. Kupanda. Vipande vyote, hata vya kuberega, vipandwe kwa kamba: sentimita 80 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mbegu ya aina moja (mimi natumia Macia), siku moja. Vikitofautiana kwa mengi, hutajua kipi kimeleta mavuno.

5. Mbolea. Hapa ndipo wengi huharibu. Kizibo cha soda kikijaa DAP (mbolea ya kupandia) hubeba takriban gramu 6. Wewe tia theluthi yake, gramu 2, kila shimo. Kipande kina mashimo kama 400, kwa hiyo dukani pima gramu 800 kwa kila kipande, fuko lake peke yake. Ikiisha mistari mitatu kabla ya mwisho, vidole vyako vina ukarimu uliozidi. Tia mbolea, funika kwa udongo wa vidole vinne, kisha weka mbegu nne au tano juu na ufukie. Mbolea na mbegu zikigusana, mbegu inaungua.

6. Kutunza. Punguzia ibaki miche miwili kwa shimo, udongo ukiwa na unyevu. Palilia vipande vyote siku ileile. Weka kopo lenye kuta wima mahali pa wazi, upime maji kwa rula kila mvua ikikatika. Bila daftari la mvua, ukame wa Februari utausahau ukifika Julai.

7. Kuvuna. Acha mstari mmoja kila upande na mita mbili na nusu kila mwisho. Inabaki mistari 10 ya mita 5, yaani mita za mraba 40. Kausha masuke, pura, pepeta, pima. Kila kilo moja hapo ni takriban kilo 100 kwa ekari.

Toa mavuno ya kipande kisicho na mbolea kwenye chenye mbolea, kundi kwa kundi, geuza tofauti iwe hela kwa ekari, ulinganishe na bei ya kilo 34 za DAP, ndiyo mahitaji ya ekari. Makundi mawili yakikubali na la tatu likakataa, angalia daftari kwanza: langu la tatu msimu uliopita lilikuwa limeandikwa "ndege kwelea kwelea, siku tatu."