Aiskrimu ya karameli yenye chumvi, bila mashine

Kazi yote iko kwenye sukari. Weka gramu 150 kwenye sufuria nzito, bila maji, juu ya mbabula yenye makala yaliyotulia. Usikoroge, tikisa sufuria tu. Ikifika rangi ya chai kavu iliyokolea, ipua mara moja, kwa sababu chuma bado kina joto na sukari inaendelea kuiva. Ukichelewa kidogo tu inakuwa chungu, na huo uchungu hauondoki.

Tia siagi gramu 40, kisha krimu ya moto mililita 120, kidogo kidogo. Krimu baridi inafanya sukari igande mabonge na kuruka, tena inaunguza vibaya. Chumvi ni nusu kijiko cha chai. Onja ikisha poa: lazima uisikie zaidi kidogo ya unavyopenda, maana baridi inapunguza ladha.

Piga krimu baridi mililita 350 mpaka isimame. Soma pakiti: iwe na mafuta asilimia 30 au zaidi. Utando wa maziwa ya Masisi ni mtamu, lakini haupandi vizuri. Changanya na karameli iliyopoa kabisa, ongeza maziwa mazito ya kopo gramu 100, funika, weka kwenye friza saa 8.

Umeme wa Goma ukikatika, aiskrimu inayeyuka, kisha ikiganda tena inajaa chembe za barafu. Zungushia chombo chupa za maji yaliyotiwa chumvi kidogo, zilizogandishwa tangu jana. Zinayeyuka kwenye baridi kali kuliko barafu ya kawaida.